Nikikanyaga breki mchana kweupe, taa za dashibodi zinawaka (Noah ya zamani)

MAMA MWALONI

Mwangaluka wote. Naombeni ushauri kabla sijaliuza hili gari kwa hasira.

Mimi nauza samaki. Nachukua mzigo pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, sato na sangara kwenye barafu, na dagaa kama bei inaongea, napeleka Kisesa na Magu. Gari ni Toyota Noah ya zamani, otomatiki, viti vya nyuma nilishang'oa siku nyingi. Nakaa Igoma. Saa tisa usiku nimeshaamka, saa kumi na moja mzigo uko ndani, halafu ni kilomita 60 hivi mpaka Magu, na sehemu kubwa ya safari giza bado halijaachia. Kwa hiyo msinione mama wa mapambo, taa za dashibodi ndizo zinanionyesha spidi, mafuta na joto la injini. Kwa sasa naendesha kwa masikio.

Ilianza taratibu. Wakati wa mvua za masika upande wa kushoto wa dashibodi, kwenye geji ya mafuta na ya joto, ukaingia giza. Spidi ikawa inaonekana vizuri tu. Nikipiga kofi juu ya dashibodi taa inarudi, siku mbili inaondoka tena. Nikazoea. Ikawa nikitaka kujua mafuta namulika kwa simu, kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala.

Wiki tatu zilizopita mambo yakabadilika. Nimepita Igoma naelekea Kisesa, dashibodi yote ikazima mara moja. Taa kubwa za mbele zinawaka, injini haina neno, ila mbele yangu ni weusi mtupu. Kisesa trafiki akanisimamisha, akaniambia mama, huna taa za nyuma hata moja. Alinihurumia kwa sababu samaki walikuwa wanayeyusha barafu, akaniruhusu nisogee mpaka kupambazuke.

Fundi akakuta fyuzi imekatika, akaweka nyingine, taa zote zikarudi, mbele na nyuma. Siku nne, ikakatika. Akaweka tena. Siku mbili, ikakatika. Mara ya tatu akaweka ya rangi ya kijani akasema "hii mama haikatiki tena". Na kweli haijakatika. Ila sasa nikisafiri muda mrefu na taa nasikia harufu kama ya ndoo ya plastiki iliyowekwa karibu na jiko, na siioni inatoka wapi.

Halafu muujiza wenyewe, ambao ndio umenileta hapa. Juzi nimepaki mchana kweupe, swichi ya taa nimezima kabisa. Nimekanyaga breki, dashibodi ikawaka! Si kufifia, imewaka kama usiku. Na redio ikapunguza mwanga wa saa yake. Nikiachia breki, inazima. Nikikanyaga, inawaka. Nimefanya hivyo mara kumi nikicheka peke yangu mpaka muuza karanga akaja kuniangalia.

Mafundi watatu wameshaliona. Wa kwanza anataka tununue dashibodi nzima ya used, laki moja na themanini. Wa pili anasema alteneta, ile ya kuchaji betri, inatoa umeme mwingi. Wa tatu anasema swichi ya taa kwenye usukani imekufa. Watatu, majibu matatu, na wote wanataka kianzio.

Nina bisibisi, nina testa ya taa ya kijana wangu anayesoma ufundi, na siogopi kufungua kitu. Nianzie wapi?


KIJANA WA BUZURUGA

Shikamoo mama. Toa globu zote za dashibodi weka LED za bluu, zinauzwa mpaka kwenye meza za barabarani. Mwanga wake ni kama mchana na hazili umeme. Mimi nimeweka kwenye Vitz yangu, usiku naonekana rubani.


DEREVA WA KAMANGA

Dogo, mama anasema akikanyaga breki taa zinawaka, wewe unamuuzia disko.

Mama, pole. Kabla ya yote, angalia kama gari lako lina kigurudumu kidogo karibu na usukani, cha kupunguza na kuongeza mwanga wa dashibodi. Mimi nilihangaika na langu mwezi mzima, nikabadili mpaka globu, kumbe mjukuu alikuwa amelala na mkono kwenye kile kigurudumu tunasubiri kivuko. Kikiwa cha zamani pia kinashika uchafu ndani, mwanga unarukaruka. Unakizungusha huku na huku mara ishirini, kinajisafisha chenyewe kidogo.


MAMA MWALONI

Marahaba mwanangu wa LED. Ndugu wa Kamanga, kigurudumu kipo na nimekizungusha. Kinafanya kazi upande wa spidi, mwanga unapanda na kushuka. Kushoto giza lilelile, na breki inawasha vilevile.


FUNDI WAYA, MISUNGWI

Mama, usinunue dashibodi. Usiguse alteneta. Dashibodi yako ina kosa dogo moja tu, nitalifikia, ila hilo la breki na fyuzi liko nyuma ya gari. Kwanza nikuulize: taa ya breki ya nyuma imebadilishwa globu lini, na nani aliiweka?

Nakueleza kwa nini nauliza. Kwenye Toyota zetu hizi, na gari nyingine nyingi, taa za dashibodi hazina umeme wao peke yao. Ziko njia moja na taa ndogo: zile za pakingi mbele, nyekundu za nyuma, na ya namba. Ukizungusha swichi nukta ya kwanza zinaamka zote. Ndiyo maana siku dashibodi ilipozima, trafiki akakuta na nyuma hakuna kitu. Fyuzi ni moja, imeandikwa TAIL kwenye kifuniko. Mtu akija na gari dashibodi imezima yote, mimi sifungui dashibodi. Nazunguka nyuma kwanza. Nyuma kukiwa na giza, ni fyuzi na kilichoila. Nyuma kukiwaka, ndipo narudi mbele kwenye kigurudumu, waya wake na ethi yake, yaani pale umeme unaporudi kwenye bodi ya gari.

Sasa hiyo globu ya nyuma. Moja inafanya kazi mbili. Ndani ina nyuzi mbili, mmoja wa wati 5 wa taa ndogo, mwingine wa wati 21 wa breki. Sisi tunaiita dabo. Ukiigeuza utaona kitakoni ina nukta mbili za risasi, na vile vipini viwili vya ubavuni havilingani kimo, kimoja kiko juu kimoja chini, ili isiingie kinyume. Kuna ndugu yake, singo, ya indiketa. Hiyo ina uzi mmoja, nukta moja pana katikati, na vipini vinalingana. Kwa macho ya haraka ni pacha. Fundi wa barabarani akikosa dabo anachukua singo, anaisukuma kwa kidole gumba, inagoma, anaisukuma tena, inaingia. Breki inawaka, mteja anashukuru, gari inaondoka.

Kumbe ile nukta moja pana imelala juu ya ncha zote mbili za holda, yaani kile kitako globu inapochomekwa. Njia ya breki na njia ya taa ndogo zimeshikana mikono. Ukikanyaga breki mchana, umeme unavuka pale nyuma, unaingia njia ya taa ndogo, unakimbia mpaka mbele kukuwashia dashibodi. Redio nayo inapokea umeme uleule ikidhani umewasha taa usiku, inapunguza saa yake. Dabo ya kawaida nayo inaweza kufanya hivyo kama uzi mmoja umekatika ukaangukia mwenzake.

Usiku mambo yanageuka. Ukiwasha taa ndogo, umeme wao unavuka upande wa breki, na taa za breki zote zinawaka muda wote hata mguu uko mbali. Piga hesabu: taa ndogo zote pamoja na dashibodi ni kama wati 40, kwa betri ya volti 12 ni ampea 3 na kidogo. Ongeza breki mbili za wati 21, na ya tatu kwenye kioo kama unayo, unapita ampea 8. Kama kifuniko chako kinasema 10, fyuzi inaishi ukingoni. Leo inavumilia, kesho unaruka tuta, inakata.

Hiyo ya kijani itoe leo, usisubiri kesho. Kijani ni 30. Nyekundu ni 10, bluu 15, njano 20. Fyuzi inawekwa iwe nyonge kuliko waya, ili yenyewe ife waya upone. Waya wa taa ndogo ni mwembamba, kwenye fyuzi ya 30 utaanza kuungua wenyewe, na umepita chini ya zulia na nyuma ya plastiki, pamoja na waya wenzake. Harufu yako ya ndoo ndiyo hiyo.

Jipime hivi jioni. Washa taa, usikanyage breki, mwambie mtu asimame nyuma akuambie anaona nini. Halafu weka jiwe kwenye tairi, vuta handbreki, injini imezima lakini funguo iko ON, taa zimewaka, jaribu kutoa gia kwenye P bila kugusa breki. Kwenye otomatiki nyingi gia imefungwa mpaka isikie umeme wa breki. Ikitoka kirahisi, njia ya breki ina umeme usiotoka kwenye mguu wako. Mwisho, chomoa globu ya kulia nyuma ukanyage breki. Dashibodi ikikaa kimya, umeshampata. Ikiwaka bado, rudisha, chomoa ya kushoto.


MZEE WA NYEGEZI

Fundi umeeleza vizuri, ila usimfungie mama kwenye globu peke yake. Mimi nimeendesha gari la samaki miaka mingi. Barafu ikiyeyuka maji yanatafuta kona, na kona ya Noah ni nyuma ya taa. Ethi ya taa ya nyuma ikila kutu, umeme wa breki ukikosa pa kutokea unarudi kwa nyuzi ya taa ndogo, na dashibodi inapata. Nimeliona kwa macho.


FUNDI WAYA, MISUNGWI

Shikamoo mzee. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana nikasema achomoe globu ajue upande. Tofauti ni ukali wa mwanga. Ethi ikifa, umeme unapita kwanza kwenye nyuzi mbili za globu ndipo ufike mbele, umechoka. Dashibodi inapata wekundu wa kijinga tu, mara nyingi huuoni mchana, na indiketa ya upande huo inaanza kuchezacheza pamoja na taa nyingine. Mama anasema imewaka kama usiku. Hapo umeme umepita njia ya mkato. Ila kutu asafishe hata kama siyo mkosaji.


MAMA MWALONI

Fundi, wewe ni fundi au mganga? Globu ya nyuma kulia ilibadilishwa kama mwezi na nusu uliopita, kando ya barabara maeneo ya Nyakato, dakika tano, niko ndani ya gari napokea simu ya mteja. Wala sikufikiria kuitaja. Kwangu taa ya breki na taa za dashibodi ni kama jino na goti.

Na sasa nimekumbuka jambo lingine. Kabla fyuzi haijaanza kukatika, kuna dereva wa lori alinifuata kutoka Buzuruga ananipigia honi na kuniwashia fuli. Tulipofika kwenye matuta akanipita, akashusha kioo: "Mama toa mguu kwenye breki, unatutia wasiwasi!" Nikamwona mlevi.

Nimeshatoa ile ya kijani. Kifuniko kinasema TAIL 10A, hivyohivyo ulivyosema. Leo nalala na gari halina taa, kesho siendi kokote kabla jua halijatoka. Kwa bahati mbalamwezi ni kubwa wiki hii, dagaa hakuna, sipotezi sana.


DEREVA WA KAMANGA

Anayejaribu kutoa gia kwenye P bila breki ajihadhari. Jiwe kwenye tairi kwanza, mama.


MAMA MWALONI

Nimerudi na ripoti, kaeni vizuri.

Jana jioni nimeazima fyuzi nyekundu ya 10, nimewasha taa nikamwita jirani asimame nyuma. Akasema "breki zinawaka zote mbili, toa mguu". Mguu wangu ulikuwa nje ya gari! Nilikuwa nimekaa mlango wazi, ndala zote ziko chini kwenye vumbi. Nikamwambia jirani njoo uone miguu yangu iko wapi. Gia nayo, na jiwe kwenye tairi kama mlivyosema, ikatoka P ikaenda N kama kijiko kwenye uji. Nikazima taa nikairudisha P, nikajaribu tena, ikagoma mpaka nikanyage.

Leo asubuhi nikafungua taa ya kulia. Skrubu mbili, kifuniko chote kikatoka mkononi na maji yakamwagika kama kikombe cha kahawa, yananuka mwalo. Mzee wa Nyegezi umenena. Kwenye holda nimekuta gamba la sato, kavu, limeng'ang'ania pembeni kama stika ya bima. Chuma cha holda kina ukungu wa kijani, na plastiki yake upande mmoja imeyeyuka ikafanya kidonda, rangi ya kahawia.

Globu ilikataa kutoka. Nimeizungusha na kitambaa mpaka nikaogopa kioo kitanipasukia. Ilipotoka nikaigeuza, nukta moja, pana, katikati, imechimbika pande mbili pale ilipokuwa inakalia ncha zote mbili. Vipini vinalingana. Kimoja kimekwaruzwa kikang'aa, ndicho kilicholazimishwa. Nimeiweka mezani pembeni ya ile ya kushoto ambayo ni ya zamani. Ukizitazama juu ni sawasawa. Ukizigeuza ni mtu na shemeji yake.

Nikakanyaga breki holda ikiwa tupu: dashibodi kimya. Nimekanyaga mara kumi tena, safari hii sikucheka.

Holda imeungua, sikutaka kuirudisha. Nimekwenda mjini nikapata holda ya used na dabo mpya mbili, nikabadili na ya kushoto maana ilikuwa imekuwa nyeusi kwa ndani. Kutu nimeisugua kwa msasa laini, ethi nimeifungua ile skrubu yake kwenye bodi, nikakwaruza rangi mpaka chuma kikaonekana, nikaibana tena. Kijana wangu akafuata waya kwa testa na vidole kuanzia nyuma mpaka kwenye boksi la fyuzi. Waya umepona ila sentimita chache karibu na holda, pale plastiki yake ya juu imekuwa ngumu na inavunjika ukiikunja. Amekata, ameunga, amefunga na tepu.

Fyuzi nyekundu, taa zimewaka, breki zimekaa kimya, gia imefunga. Nimezunguka Igoma mpaka Kisesa na kurudi usiku huu. Harufu hakuna.

Ila kushoto bado giza. Fundi, ulisema kuna kosa dogo mbele.


FUNDI WAYA, MISUNGWI

Safi sana mama, na hiyo singo usiitupe, ining'inize kwa huyo fundi wa Nyakato.

La mbele ni jepesi. Upande mmoja ukizima na mwingine unawaka vizuri, huwa haihusu fyuzi wala swichi. Nyuma ya dashibodi kuna globu kadhaa ndogo, kila moja ina eneo lake. Moja imekufa, au haishiki vizuri, ndiyo maana kofi lilikuwa linairudisha. Kofi ni kipimo kizuri, ila si dawa.

Chomoa kwanza kichwa hasi cha betri ukae dakika chache, hasa kama usukani wako una eabegi. Toa fremu ya plastiki, ina skrubu na vishikizo, usiivute kwa hasira. Dashibodi yenyewe ina skrubu chache, ukiivuta mbele utakutana na soketi za waya. Bonyeza ulimi wa soketi, usivute waya. Gari lako likiwa na kebo ya spidi nayo itakushikilia, iachie kwa nyuma. Usiguse mishale, ukiisukuma kwa kidole itadanganya maisha.

Nyuma utaona karatasi ya plastiki yenye njia za shaba. Hiyo ndiyo wayaringi yake, ikichanika inakuwa hadithi nyingine. Globu ziko ndani ya vitako vya plastiki, unazungusha robo kinyume na saa, kinatoka. Angalia globu, ikiwa nyeusi au uzi umekatika, badilisha. Ikiwa nzima, safisha vile vyuma vya kitako na ile shaba pale kinapokalia kwa kifutio cha penseli, taratibu. Wakati uko ndani badilisha zote za mwanga, zimeanza kazi siku moja na zitakufa zikifuatana.

Kitu kimoja tu uwe nacho makini. Globu za onyo, hasa ile ya betri, usizichanganye wala usiache tundu tupu. Kwenye gari nyingi za zamani umeme mdogo unaopita kwenye globu ya betri ndio unaoamsha alteneta. Globu ikifa unaweza kuwasha gari na alteneta ikaendelea kulala mpaka uipandishe mzunguko, au isiamke kabisa. Ukimaliza, funguo ON bila kuwasha injini: ya betri na ya oili lazima ziwake zote mbili. Isipowaka mojawapo, rudi ndani.


KIJANA WA BUZURUGA

Na hapo sasa ndipo LED inaingia 😀


MAMA MWALONI

Mwanangu nilikusikiliza, usiseme mama hasikii. Nilinunua mbili za bluu kwa majaribio.

Kazi nimeifanya chini ya mwembe, kwa muda wa saa mbili na nusu, kazi ambayo fundi angefanya kwa dakika ishirini. Vishikizo vya fremu nimevunja kimoja. Globu ya kushoto ilikuwa nyeusi tii kama mbegu ya papai, na imevaa kofia ya mpira ya kijani. Nikaweka LED yako, nikawasha, giza. Kijana wangu akasema igeuze, LED ina upande. Nikaigeuza ikawaka. Ila kule kwenye geji ya mafuta ikatoka doa moja kali katikati, pembeni giza, na nilipoivisha ile kofia ya kijani ikafifia kuliko koroboi. Na kigurudumu hakikuisikia, nikipunguza haipungui, halafu ghafla inazima.

Nimezitoa. Nimeweka globu za kawaida nne, kofia za zamani nimezivisha zote, mwanga umetandaa kushoto na kulia sawa. Ya betri na ya oili zinawaka funguo ikiwa ON, nimehakikisha mara mbili kabla sijarudisha skrubu. Imebaki skrubu moja mkononi ambayo sijui ilitoka wapi, nayo ni yenu kunieleza.


MZEE WA NYEGEZI

Hiyo skrubu kila dashibodi huizaa. Iweke kwenye droo.

Sasa mama, toboa mfereji wa maji huko nyuma au weka turubai zito chini ya ndoo lipande mpaka usawa wa taa. Bila hivyo hiyo holda mpya haivuki masika yajayo.


MAMA MWALONI

Turubai nimeshapima mzee, Jumamosi linashonwa. Nimeagiza likunjwe ukingoni lifanye beseni, maji yatoke kwa mlango wa pembeni.

Asubuhi ya leo nimefika Magu. Nimeona spidi, nimeona mafuta, robo tanki, kumbe siku zote nilikuwa nasafiri na maji ya baraka tu. Pale Nyanguge kuna lori lilikuwa nyuma yangu muda mrefu na halikupiga honi.


DEREVA WA KAMANGA

Mama, gari limepona, turudi kwenye mambo ya msingi. Dagaa sado bei gani?


MAMA MWALONI

Nimesema mbalamwezi ni kubwa, mitumbwi imelala ufukweni. Wavuvi wa dagaa wanataka giza ili taa zao zionekane, na mimi nilikuwa nalo la bure kwenye dashibodi hawakunipa hata kilo. Subiri mwezi ukate, wiki ijayo nitakuambia bei.